Maswali ya Wasomaji: Nyumba, Makaburi na Mashairi ya Emily Dickinson

Katika toleo lililopita tuligusia kwa aya mbili habari za Emily Dickinson, mshairi wa Marekani aliyezaliwa Amherst, jimbo la Massachusetts, tarehe 10 Desemba 1830, na akafia katika nyumba ileile tarehe 15 Mei 1886. Aliacha mashairi karibu 1,800. Yaliyochapwa akiwa hai ni kama kumi tu, tena bila jina lake. Tulisema pia kwamba kwa miaka ishirini ya mwisho hakutoka kwenye kiwanja cha baba yake, na kwamba alinakili mashairi yake kwenye vidaftari alivyovishona kwa mkono. Barua mlizotuandikia zimetuonyesha kwamba aya mbili hazikutosha, nasi tumechagua saba za kujibu. Kwa kuwa mashairi yake hayana vichwa, tunayataja kwa namba alizoyapa mhariri R. W. Franklin mwaka 1998.

*Assalaam aleikum. Mumeandika kwamba mama huyu alikuwa hatoki nyumbani. Huku kwetu bibi zetu walitawa na hakuna aliyeshangaa. Je, naye alikuwa akitawa, au alikuwa mgonjwa?*
*Msomaji wa kike, Lamu*

Waaleikum salaam, dada. Neno "kutawa" linamkaribia sana, ila lina mtego wake. Kutawa kwa bibi zetu kulikuwa ada. Mwanamke alitawa pamoja na mama yake, dada zake na majirani wa hadhi yake, na mji ulikuwa na njia zake za kuwafikishia habari na mahitaji. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alisema na mtu aliyeijua ada hiyo tangu utotoni. Mwaka huohuo wa 1858 ndio Dickinson alioanza kunakili mashairi yake kwenye vidaftari, lakini Amherst haikuwa na ada ya namna hiyo. Wanawake wa daraja lake walikwenda kanisani, dukani, harusini. Mdogo wake Lavinia aliishi nyumba hiyohiyo, hakuolewa kama yeye, na alitoka kama kawaida. Kwa hiyo kwa bibi zetu kutoka nje kungekuwa kuvunja ada, na kwa Dickinson kubaki ndani ndiko kulikoivunja.

Wala hakufunga mlango siku moja. Mwaka 1847 na 1848 alisoma bweni Mount Holyoke. Mwaka 1855 alifika Washington na Philadelphia, wakati baba yake, Edward, wakili na mtunza hazina wa chuo cha Amherst, alipokuwa mbunge. Mwaka huohuo familia ilirudi katika nyumba ya matofali aliyoijenga babu yao, na mama yake akaanza maradhi yaliyowabakiza mabinti nyumbani. Mwaka 1864 na tena 1865 Emily alikaa miezi kadhaa Cambridge, karibu na Boston, akitibiwa macho. Aliporudi mwaka 1865 hakutoka Amherst tena. Mwaka 1869 aliandika kwamba havuki ardhi ya baba yake kwenda nyumba yoyote wala mji wowote. Baba yake alipokufa mwaka 1874, maiti iliswaliwa ndani ya nyumba hiyo na yeye akabaki chumbani kwake juu, mlango ameuacha wazi kidogo asikie.

Ukitaka sababu moja hutaipata. Kulikuwa na mama mgonjwa, macho, misiba iliyofuatana, na haja ya mtu anayeandika kuwa na saa zake mwenyewe. Ila usimdhanie mpweke asiye na watu. Barua zake zilizobaki zinapita 1,000, kwa watu karibu mia. Gazeti liliingia nyumbani kila siku. Kaka yake Austin na mkewe Susan walikaa nyumba ya pili, na Susan peke yake alipelekewa mashairi kama 250.

Tunaomba uusome mlango katika mashairi yake ukiwa na swali hili: nani kaufunga? Katika namba 409 nafsi inachagua mtu wake, kisha inafunga mlango yenyewe kama mwenye enzi. Katika namba 445 wengine wanamfungia mtoto ndani ili anyamaze, naye anawashangaa wanaodhani akili inafungika. Katika namba 466 ushairi wenyewe ni nyumba, yenye madirisha mengi kuliko ile ya nathari. Mtu anayesoma mashairi haya matatu kama kilio cha mfungwa ameliacha moja tu la katikati limfunike macho.

*Shikamooni. Ninafundisha fasihi kidato cha tano. Kila nikiwapa wanafunzi shairi la Dickinson wanaandika: "Alijifungia ndani, ndiyo maana anaandika kifo." Sentensi hiyo naiona pungufu lakini siwezi kuonyesha upungufu wake ubaoni. Nianzie wapi?*
*Mwalimu, Morogoro*

Marahaba, Mwalimu. Anzia kwenye miaka. Chora safu mbili, moja ya matukio na nyingine ya mashairi. Namba za Franklin zinafuata wakati: alipanga mashairi kwa kuangalia jinsi mwandiko wake ulivyobadilika mwaka hadi mwaka, aina za karatasi, na barua zilizobeba nakala. Kwa hesabu yake, mwaka 1862 una mashairi 227, mwaka 1863 una 295, na 1865 una 229. Kisha 1866 una 10, na 1867 una 12. Sasa waulize vijana wako: kujifungia kabisa kulianza mwishoni mwa 1865. Kama ndiko kulikozaa mashairi, mbona hapohapo ndipo yalipokauka?

Wakikosa jibu, wape habari za nyumba. Mtumishi wao wa miaka mingi aliondoka mwaka 1865 kwenda kuolewa, na Margaret Maher, mwanamke kutoka Ayalandi aliyekuja kuwa nguzo ya jiko lile, aliingia mwaka 1869. Katikati hapo mikate, usafi na mama mgonjwa viliwaangukia mabinti wawili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyojaza magazeti kwa miaka minne navyo vilikuwa vimekwisha mwaka 1865. Mambo haya mawili yanaeleza ukame ule vizuri kuliko mlango uliofungwa.

Kifo kilimfikia kwa njia zinazoonekana kwa macho. Kuanzia mwaka 1840 hadi 1855, yaani tangu akiwa na miaka tisa hadi ishirini na minne, familia iliishi nyumba nyingine ambayo nyuma yake kulikuwa na makaburi ya mji. Mazishi yalipita chini ya dirisha. Mwaka 1844, akiwa na miaka 13, alikaa karibu na kitanda cha rafiki yake Sophia Holland aliyekuwa akifa kwa homa kali. Alihuzunika mpaka wazazi wakampeleka Boston akapumue. Machi 1862 Frazar Stearns, mtoto wa rais wa chuo cha Amherst, aliuawa vitani New Bern, na mji mzima ukamlilia. Austin alipoitwa jeshini mwaka 1864 alilipa dola 500 mtu mwingine aende badala yake. Soma namba 524, linalosema ni aibu kuwa hai wakati mashujaa wamelala, ukiwa na habari hizo mbili mkononi. Aibu ile ina anwani.

Baada ya miaka, nenda kwenye vitu. Chukua namba 340, shairi la mazishi yanayofanyika ndani ya ubongo. Waambie wanafunzi wapige mstari chini ya kila sauti: miguu inayokwenda na kurudi, ibada inayogonga kama ngoma, sanduku linaloinuliwa, mlio wa mbao, viatu vizito, kengele. Kisha wapige mstari chini ya kila kinachoonekana. Watakaa na kalamu hewani. Shairi zima limeandikwa na sikio, kutoka mahali pa mtu aliye chumbani wakati nyumba imejaa waombolezaji. Kazi ya maisha yake katika shairi ni hiyo: yamempa mahali pa kusikilizia. Lakini waonye papo hapo kwamba shairi hilo ni la 1862, miaka 12 kabla ya msiba wa baba yake, hivyo mtu asije akaandika kwamba linasimulia msiba ule.

Vivyo hivyo namba 591, la nzi anayevuma mtu akikata roho. Wakati ule watu walifia nyumbani, ndugu wakiwa wamezunguka kitanda, wakitazama uso wa anayekufa wapate dalili kwamba anakwenda kwa amani. Wosia umeshagawa mali, machozi yamekauka, wote wanangoja mfalme aingie. Anaingia nzi. Mwanafunzi asiyeijua desturi ya kitanda kile ataona nzi tu, na hataelewa uzito wa kuingia kwake.

Kuna kosa jingine, Mwalimu, nalo ndilo sugu: kudhani "mimi" wa shairi ni Emily. Mwenyewe alimwandikia mhakiki Thomas Wentworth Higginson mwaka 1862 kwamba akisema "mimi" katika shairi hajisemi yeye, ni mtu wa kudhania. Mifano miwili inatosha darasani. Namba 800 linasema mimi sijapata kuona bahari. Emily alikwisha kwenda Boston, mji wa bandari, na mwaka 1846 alipanda hadi kileleni mwa jengo la serikali ya jimbo. Namba 1096, la nyoka majanini, msemaji wake anakumbuka alipokuwa mvulana anayetembea pekupeku. Kuna na mtego wa macho: wengi hulihusisha namba 336, la mtu aliyepofuka, na matibabu yake ya Cambridge, ilhali shairi ni la 1862 na matibabu ni ya 1864.

Kwa insha ya kurasa mbili, mpe mwanafunzi kazi hii: ataje mwaka wa shairi, achague kitu kimoja kilichomo, aonyeshe kitu hicho kilikuwa wapi katika maisha ya Amherst, aseme msemaji ni nani, kisha aandike aya nzima juu ya jambo ambalo maisha hayalielezi. Aya hiyo ya mwisho ndiyo ya kutolea alama za juu.

*Mimi ni fundi cherehani. Nasikia alivaa nyeupe tupu kama bibi harusi maisha yake yote. Nguo yenyewe ilikuwaje?*
*Fundi, Dar es Salaam*

Fundi, moja ya nguo zake imehifadhiwa Amherst mpaka leo, na ukiiona utajua si ya harusi. Ni gauni la nyumbani la pamba nyeupe yenye mistari ya kufumwa, la kupwaya, limefungwa kwa vifungo vya lulumizi mbele, na lina mfuko ubavuni kulia. Mfuko huo ndio wa kuuangalia, maana gauni la nyumbani la mtu anayeandika linahitaji pahali pa karatasi na penseli. Mavazi ya rangi ya siku zile yalichujuka yakifuliwa. Nyeupe ilichemshwa ikaanikwa juani, basi. Alianza kuzoea nyeupe akiwa mtu mzima, si maisha yake yote. Na Massachusetts si jina geni pwani kwetu: ile nguo ya marekani iliyovaliwa Unguja na kupelekwa bara na misafara ilitoka viwanda vya pamba vya huko na kuletwa na merikebu za mji wa Salem.

*Wahariri, nimesoma tafsiri zake za Kiswahili nikakuta vina havikai, mizani inapanda na kushuka, na vistari kila mahali. Kwetu hayo ni mashairi guni. Je, yeye mwenyewe alikuwa guni au ni wafasiri?*
*Malenga, Tanga*

Malenga, swali lako lingewafurahisha wahariri wake wa kwanza, maana nao walimwona guni. Mwaka 1890, miaka minne baada ya kifo chake, Higginson na Mabel Loomis Todd walichapa kitabu cha kwanza mjini Boston. Waliyapa mashairi vichwa, wakaondoa vistari, wakabadilisha maneno pale kina kilipowasumbua. Kitabu kilinunuliwa sana, ndiyo sababu matoleo hayo ya kusafishwa bado yamejaa kwenye intaneti. Ukikuta shairi lake lenye kichwa na koma za adabu, umeshika nakala ya 1890 au ndugu yake.

Mizani yake haipandi na kushuka ovyo. Bahari anayoipenda ni ya tenzi za kanisani, zile za Isaac Watts alizoimbiwa tangu utotoni: ubeti wa mishororo minne, mizani 8, 6, 8, 6, na kina kinachokutana kwenye mshororo wa pili na wa nne. Nane hiyo unaijua, ni ya utenzi wetu. Tumetunga ubeti huu, wetu si wake, ili uhesabu:

Mlango nimeufunga,
Dirisha li wazi;
Nasikia wapitao
Wakienda kazi.

Hapo mizani imetimia na kina kimekaa: -zi na -zi. Sasa badilisha mshororo wa mwisho:

Mlango nimeufunga,
Dirisha li wazi;
Nasikia wapitao
Wakenda mazishi.

Mizani ni ileile sita, lakini -zi na -shi ni jamaa, si pacha. Sikio lililongoja kupumzika limenyimwa. Hicho ndicho alichokifanya Dickinson mara nyingi, na hasa pale maana inapoyumba. Waumini walifundishwa na tenzi kwamba mwisho wa ubeti ni mahali pa kutulia. Yeye aliichukua bahari ileile ya ibada, akauliza maswali ambayo ibada haikuyapa nafasi, na kina akakiacha nusu kama jibu lilivyo nusu. Kwa kanuni zetu ni guni, hatubishi. Ila guni ya makusudi huijui kwa ubeti mmoja. Soma mashairi yake kumi ukaone mengine vina vimekaa sawasawa, ndipo utajua alikuwa anaviweza.

Wafasiri nao wana lawama yao. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wakati mishororo yake mingi inaishia kwenye silabi yenye mkazo, kama nyundo. Mwisho ule haupatikani kwetu, na anayejaribu kuufidia kwa kuongeza maneno anavunja nane na sita zake. Afadhali kushika mizani na kuruhusu vina vya karibu kuliko kubeba vina kamili kwa kujaza "hakika" na "jamani" ambavyo hakuviandika.

Kuna matatizo matatu ambayo kila mfasiri atayakuta. Namba 479, la kifo kinachompitia mtu kwa gari la farasi, kifo ni bwana mstaarabu. Ukiandika "kilisimama" umemrudisha kuwa kitu. Mpe ngeli ya watu, "alisimama", kama tunavyompa Sungura hadithini. Namba 260, msemaji anajitambulisha kuwa hana cheo wala jina. "Mimi si mtu" kwa Kiswahili ni tusi, maana asiye mtu ni asiye na utu. "Mimi si lolote, si chochote" linakaa vizuri zaidi. Na namba 1489 linamchora ndege mdogo avumaye kwenye maua bila kumtaja, kisha linamwita tarishi aliyeleta barua kutoka Tunis asubuhi moja tu. Ndege yule hayuko Afrika. Usimgeuze chozi kwa kuwa chozi naye hunywa maua: safari ya Tunis ina maana kwa sababu anayeandika yuko Massachusetts na Afrika ni mbali.

Lile la nyoka, namba 1096, lina kisa chake. Halimtaji nyoka popote. Ni kitendawili, na sisi tunajua kitendawili hutegwa kwanza. Mwaka 1866 gazeti la Springfield lililichapa likaliwekea kichwa "Nyoka", na likaongeza alama mahali ambapo hakuiweka. Alimlalamikia Higginson kwamba ameibiwa shairi na alama ile imekatiza maana. Anayetaka kujua kwa nini hakuwa na haraka ya kuchapwa aanzie hapo, halafu asome namba 788, linaloita kuchapa kuwa ni kuinadi akili ya mtu.

*Mnasema aliandika vitabu kwa mkono na kuvishona. Alishonaje? Nina karakana ndogo ya kujalidi vitabu.*
*Msomaji, Bukoba*

Alitumia karatasi za barua zilizokunjwa tayari na kiwanda, kila moja ikiwa na kurasa nne. Alinakili mashairi kwa wino, safi, na akimaliza kwa kawaida aliharibu rasimu. Akipata karatasi nne hadi sita hivi alizipanga moja juu ya nyingine, hakuzipachika moja ndani ya nyingine kama ufanyavyo wewe kwenye daftari la shule. Kisha alitoboa matundu mawili ukingo wa kushoto, akapitisha uzi na kuufunga fundo mbele. Hakuna jalada, namba za kurasa, jina wala kichwa. Kati ya 1858 na 1864 alitengeneza vidaftari 40 vyenye mashairi zaidi ya 800. Baadaye alinakili karatasi bila kuzishona, na miaka ya mwisho aliandika hata kwenye bahasha zilizofunguliwa na makaratasi ya kufungia vitu.

Wewe fundi utaiona hatari mara moja. Karatasi zilizopachikwa hushikana hata uzi ukikatika, kwa kuwa kila moja imekumbatia nyingine. Za kwake, ukikata uzi, kila karatasi inasimama peke yake na hakuna kinachosema ipi ilitangulia. Lavinia alivikuta vidaftari baada ya mazishi, wahariri wakakata nyuzi, na mpangilio ukapotea kwa zaidi ya miaka tisini. Franklin aliurudisha mwaka 1981 kwa kulinganisha matundu ya sindano, madoa yaliyovuka kutoka ukurasa hadi ukurasa, na mihuri ya kiwanda kwenye karatasi.

Vidaftari vilionyesha jambo jingine. Pembeni mwa neno aliweka msalaba mdogo, na chini ya ukurasa akaandika maneno mengine mawili matatu yanayoweza kukaa hapo, bila kufuta lolote. Mchapaji lazima achague moja. Aliyeandika bila mchapaji mlangoni hakulazimika, na hapa ndipo tunaona kujitenga kwake kukigusa ushairi moja kwa moja: shairi liliruhusiwa kubaki na milango miwili.

Onyo kwa wanaonukuu: mhariri Thomas H. Johnson mwaka 1955 alihesabu mashairi 1,775, Franklin 1,789, na namba hazilingani. Shairi la gari la farasi ni 479 kwa Franklin na 712 kwa Johnson. Andika namba na jina la mhariri.

*Alikuwa mcha Mungu au mkanaji?*
*Msomaji, Muscat*

Alikuwa mbishi na Mungu maisha yake yote, na mtu habishani na asiyekuwepo. Shuleni Mount Holyoke wanafunzi waligawanywa kwa hali ya imani yao, naye alihesabiwa miongoni mwa wasio na tumaini. Uamsho wa dini ulipoingia Amherst mwaka 1850 baba yake alijiunga na kanisa, na Susan pia. Emily hakujiunga kamwe. Namba 236 linasema yeye huitunza Jumapili nyumbani, ndege ndiye mwimbishaji, bustani ndiyo kanisa. Lina uchangamfu mwingi. Ukimaliza soma namba 320, la mwale wa mwanga wa alasiri za kipupwe unaolemea kama muziki wa kanisani, upate upande wa pili.

*Nimesoma kwamba alijulikana mjini kwa mikate kuliko mashairi. Ni kweli? Na alipika nini?*
*Mama wa nyumbani, Chake Chake*

Kweli tupu, mama. Mwaka 1856 mkate wake wa unga wa shayiri nyeusi na mahindi ulipata zawadi ya pili kwenye maonyesho ya kilimo ya Amherst. Baba yake alipenda mkate wa mikono yake. Watoto wa jirani waliteremshiwa keki za tangawizi kwa kikapu kutoka dirishani. Jiko lilikuwa pia pa kuandikia: karatasi ilikuwa karibu, na unga ukiumuka kuna nafasi.

Iko karatasi aliyoandika mapishi ya keki ya nazi. Vipimo ni hivi: nazi kikombe 1, unga wa ngano vikombe 2, sukari kikombe 1, siagi nusu kikombe, maziwa nusu kikombe, mayai 2, magadi ya kuokea nusu kijiko cha chai, na kijiko 1 cha chai cha ule unga mchachu uitwao krimu ya tata. Akaongeza kwamba hiyo ni nusu ya kipimo kamili. Ukiijaribu Pemba na nazi mbichi ya kukuna, ikaushe kwanza kidogo kwenye sufuria kavu bila kuibadilisha rangi, kwa sababu maji na tui lake vitaifanya keki izame katikati. Wala usiache kile kitu kichachu: magadi peke yake hayatainua keki vizuri, na yatabaki na ladha ya sabuni.

Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa penseli, kuna shairi namba 1564. Linataja vitu visivyoweza kurudi, na limeanza na utoto.